Golikipa hana ajira, ila kazi anayo

Mtaani kwetu Tegeta, Dar es Salaam, mwanamke aliyesoma akiacha ajira abaki na watoto huitwa golikipa. Ni jina la utani, na mimi nimelibeba miaka mitatu. Niliacha uhasibu mwezi Januari, baada ya dada wa kazi kwenda kwao Krismasi asirudi. Alikuwa wa tatu ndani ya miezi kumi na minne. Tangu hapo nimesikia mengi, kwa mawifi, kwa wenzangu wa ofisini, hata kwa kondakta aliyeuliza mbona siku hizi sionekani asubuhi. Baadhi ni kweli. Haya yafuatayo si kweli, au ni kweli nusu.

"Siku hizi hafanyi kazi."

Kiswahili kina maneno mawili hapa, nasi tunayachanganya. Ajira ina mkataba na mshahara. Kazi ni kazi. Watakwimu wa kazi walipokutana chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) mwaka 2013 walikubaliana hivyo hivyo: kupika, kulea na kuuguza bila malipo ni kazi, ingawa si ajira. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2018 ilizihesabu kazi hizo kuwa saa bilioni 16.4 kwa siku katika nchi 64, na asilimia 76.2 ya saa hizo ni za wanawake. Kwa hiyo ukiniambia sina ajira, nakubali. Ukisema sifanyi kazi, njoo saa kumi na moja alfajiri, basi la shule halijafika na sare moja haijakauka.

Kuna dhana pacha yake, kwamba mke kukaa nyumbani ndiyo mila yetu. Mila ya nani? Bibi yangu alilima mihogo na kuiuza gulioni akiwa na mtoto mgongoni. Hata leo zaidi ya robo tatu ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa kufanya kazi wamo kwenye nguvukazi. Mama asiyelima wala kuuza, anayengoja mshahara wa mtu mmoja, ni zao la mjini.

"Mshahara wenyewe ulikuwa unaishia kwa dada na nauli."

Hili nililisema kwa mdomo wangu. Tulikaa na mume wangu na kalamu: mshahara wa dada, nauli ya kwenda na kurudi Posta, chakula cha mchana, saluni, na ile michango ya harusi za ofisini ambayo hakuna anayeweza kuikwepa. Kilichobaki kilikuwa kidogo mno, tukaona hatupotezi kitu.

Kwa mhasibu, ile ilikuwa hesabu ya aibu. Tulihesabu fedha inayopita mkononi, tukasahau isiyopita. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hubeba si chini ya nusu yake. Pensheni ya uzeeni inadai michango ya miezi 180. Aliyefanya kazi miaka 9 ana miezi 108, anadaiwa 72, na kila mwezi anaokaa bila kuchangia unaisogeza pensheni mbali zaidi. Mfuko unapokea michango ya waliojiajiri, hivyo mwenye genge au anayeuza vitenge kwa simu anaweza kuendelea. Ila nusu ya mwajiri haipo tena, na bima ya afya ya kazini imeondoka na kitambulisho cha ofisi.

Kosa la pili nililiona baadaye sana. Kwa nini mshahara wa dada tuliutoa kwenye wangu peke yake? Watoto ni wa wawili. Tungeutoa kwenye mishahara yote miwili, hesabu ingetoka tofauti kabisa.

Halafu kuna ngazi ambazo huzipandi. Claudia Goldin, aliyepewa Nobeli ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwamba katika nchi tajiri, pengo kubwa la malipo kati ya mwanamke na mwanaume wa fani moja hujitokeza anapozaliwa mtoto wa kwanza. Sababu mojawapo ni kwamba kazi nyingi humlipa zaidi anayepatikana saa yoyote. Aliyewahi kufunga hesabu za mwisho wa mwezi hadi saa nne usiku hahitaji kutafsiriwa.

"Ukiacha, si una kiinua mgongo?"

Hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa malipo ya siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, isizidi miaka 10, pale mwajiri anapovunja mkataba. Ukiandika barua mwenyewe huyapati. Fao la kukosa ajira nalo ni la aliyepoteza kazi, si la aliyeiacha kwa hiari. Utaondoka na mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyobakiza na cheti cha utumishi. Hicho cheti kidai kabla ya kurudisha funguo. Notisi ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi.

Na kabla ya barua, maliza kwanza vilivyo vyako. Siku 84 za uzazi wengi wanazijua, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ila saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi? Ofisini kwetu hakuna aliyewahi kuziomba, hata mimi niliyekuwa nakamulia maziwa chooni.

"Nyumba ni yetu sote, majina ya nini?"

Hapa nitakaa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazungumzia kugawana, ndoa inapovunjika, mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Je, kupika na kulea ni juhudi? Mahakama ikasema ndiyo. Kila golikipa wa leo amesimama juu ya hukumu hiyo.

Kinachosimuliwa mara chache ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona mumewe alishampa fedha za kuendeleza maslahi ya familia, naye akazitapanya. Kanuni ikashinda, mwenye kesi akatoka mikono mitupu.

Kenya wamelitamka wazi zaidi. Sheria yao ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inataja kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ya huko ilisema nusu kwa nusu haiji yenyewe, kila mmoja athibitishe alichochangia. Sasa nithibitisheje ugali wa miaka mitatu? Mgahawa hutoa risiti, mimi sitoi.

Ndiyo maana tulipopata kiwanja Bunju niliomba hati ya mauziano iwe na majina mawili. Wifi yangu alisema namwandaa kaka yake kwa talaka. Mume wangu alinyamaza siku mbili. Ya tatu tukaenda kwa wakili, na njiani tukakubaliana kwamba mchango wangu wa NSSF utatoka kwenye mshahara wake kila mwezi, sawa na ada ya shule.

"Mwanaume haachi kazi."

Mohamed El-Erian aliongoza PIMCO, kampuni kubwa ya uwekezaji huko California. Binti yake wa miaka 10 alimletea orodha ya mambo 22 aliyoyakosa kwa sababu ya kazi, ikiwemo siku yake ya kwanza shuleni. Aliondoka mwaka 2014, akaendelea na shughuli zisizomchukulia siku nzima. Tajiri hupumua, sawa, na hakuna aliyemwita golikipa. Kwetu sheria inampa baba siku 3 mtoto akizaliwa, Kenya wiki mbili. Siku 3 na 84: nani abaki nyumbani limeshaamuliwa kabla hamjakaa mezani.

"Ukitoka, umetoka."

Inategemea fani. Mtumishi wa umma anaweza kuomba likizo bila malipo badala ya kuacha kabisa. Mhasibu, wakili na muuguzi kinachowaponza ni usajili wa taaluma, kwa sababu ada na mafunzo yake havingoji mtoto akue. Mimi niliacha kulipa ya kwangu nikidhani nabana matumizi. Mwaka huu nilipoitwa kufunga hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, siku tatu kwa wiki, nililipa malimbikizo yote kwa mkupuo, kwa fedha ya kikoba iliyokuwa ya jokofu.