Kayaki ya kioo Watamu: tazama mwezi kabla ya kulipa

Picha naijua kwa moyo, maana hunifikia WhatsApp kila msimu. Kayaki inayoonyesha chini, watu wawili ndani, maji kama hayapo, na kivuli cha chombo kimelala juu ya mchanga mweupe. Chini yake swali: "Kaka, hii mnayo huko Watamu? Bei gani?" Tunayo. Ila picha ile imepigwa na droni juu ya mchanga mtupu, na juu ya mchanga mtupu hakuna cha kutazama zaidi ya mchanga. Maji yanayoipendeza kamera na maji yanayofaa kuonea viumbe ni vitu viwili, na mgeni asiyejua tofauti hiyo hulipa pesa nzuri akarudi na picha ya profaili peke yake.

Mimi kazi yangu ni kuongoza wageni baharini hapa Watamu, pwani ya Kenya, na nataka leo nieleze kayaki hii inafanyaje kazi, na kwa nini siku ya kutoka naichagua kwa mwezi.

Tuanze na chombo. Tunasema kioo kwa mazoea ya zile boti za kioo, lakini hiki ni polikaboneti, plastiki ngumu inayotumika pia kwenye miwani ya mafundi. Ukiwa kwenye chombo cha kawaida, kinachokuzuia kuona chini mara nyingi si kina cha maji. Ni uso wake. Viwimbi huvunja mwanga vipande vipande, na anga nayo inajitazama pale juu kisha inakurudia machoni. Sakafu ya kayaki imezama sentimita chache tu chini ya uso huo, na hizo chache zinatosha: viwimbi vinabaki kando, wewe unatazama maji yaliyotulia. Mwanga unapotoka majini kuingia hewani hupinda, kwa hiyo kila kitu huonekana kimesogea juu kwa robo ya kina chake. Tumbawe lililo mita 2 chini utaliona kama liko mita moja na nusu. Ndiyo maana wageni hunyanyua miguu wakidhani tunagonga, na mimi hucheka kimoyomoyo.

Rangi nazo zina masharti. Maji humeza wekundu kwanza. Ukifika mita 5 hivi, samaki mwekundu amekuwa wa kijivu, na kila kitu kimevaa buluu. Boti kubwa za kioo zinaweza kwenda kwenye kina kwa sababu zina paa, na lile giza la chini ya paa husaidia jicho. Kayaki haina paa. Raha yake iko kwenye maji ya mita moja hadi tatu, na nje ya hapo afadhali uvae miwani ya kuzamia ujitose.

Kwa kuwa haina paa, mwanga wa anga unatua moja kwa moja ndani, juu ya sakafu. Hapo ndipo nguo zako zinapoingia. Shati jeupe hujiakisi kwenye ile plastiki, unajikuta unatazama kifua chako badala ya samaki. Vaa rangi iliyokoza na kofia pana, na ukiinama juu ya sakafu kivuli chako ndicho dirisha lako. Ninao wageni wa kila mwaka ambao sasa huja na kanga. Mmoja anajifunika kichwa na kuinama, mwingine anapiga kafi. Wakati mwingine miwani ile ya jua ya kupunguza mng'ao itakuonyesha mistari ya upinde wa mvua kwenye sakafu. Hiyo ni tabia ya plastiki ikishabanwa na kukunjwa kiwandani, si ufa. Ivue tu.

Sasa bahari yenyewe. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunaingia bamvua: maji yanapanda sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini kwa bamvua kubwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu tunakuwa na maji mafu, maji yasiyopanda sana wala kushuka sana.

Haya mvuvi yeyote atakueleza. Ambalo wageni hawaelezwi ni kwamba katika pwani hii bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Saa ileile ambayo jua limepanda vizuri na upepo bado haujakaza, mwamba uko nje, majani ya bahari yamelala chali, na kayaki yako inaburuzwa mchangani. Ni saa nzuri ya kutembea, si ya kupiga kafi. Ukingoja yajae, yanakuja kwa kasi, mkondo unakuzungusha, na mchana upepo umeshaamka. Maji yakianza kupwa tena, hori ya Mida inamwaga maji yake yaliyolala kwenye mikoko, na upande wa kusini wa Watamu unakuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Maji mafu ni kinyume chake. Saa nne asubuhi ndipo yamejaa, tena yamejaa kwa upole. Juu ya mwamba unapata mita moja na kitu, mkondo hauna nguvu, matope hayajatibuliwa, na jua liko mahali pake. Kwa hiyo mtu akiniuliza aje lini, simwambii Desemba wala Agosti kwanza. Namwambia atazame juu: mwezi ukiwa nusu, aje asubuhi.

Baada ya mwezi ndipo tuzungumze upepo. Kusi, kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa hivi, hutuletea mawimbi, mvua mwanzoni, na marundo ya majani ufukweni. Siku njema zipo, lakini hazipangiwi wiki mbili kabla. Miezi ya matlai, Oktoba na Novemba, bahari hulainika, na kaskazi inapoingia asubuhi nyingi huwa safi mpaka Machi. Wenzetu wa Malindi wana shida yao ya ziada, Mto Sabaki, ambao kaskazini mwa mji unatoa maji mekundu ya udongo, na wakati wa kaskazi huelekea kwao. Sisi tuko kusini zaidi, tunapona kwa sehemu kubwa.

Hifadhi ya bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, za kwanza Kenya. Ndani yake hairuhusiwi kuvua, wala kuokota hata ganda la koa, na kiingilio hulipwa kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Wageni wengi wanataka kupelekwa moja kwa moja kwenye bustani ya matumbawe. Nawapeleka, lakini si kwanza. Kwanza napita juu ya majani, na hapo manung'uniko huanza.

"Kaka, mbona sioni kitu?" mama mmoja wa Nairobi aliniuliza, hata dakika kumi hatujamaliza.

"Dada, weka kafi ndani. Tazama lile jiwe la kahawia, kushoto kwa mguu wako."

"Naona jiwe."

"Linapumua."

Akanyamaza. Jiwe lilikuwa na tundu dogo ubavuni, linafunguka, linafumba, linafunguka. Pweza. Kayaki ilikuwa imesimama juu yake kabisa, kivuli chetu kimemfunika, naye akafanya wanachofanya pweza wakishtuka kidogo: ngozi ikasimama vinundu, ikapauka upande mmoja, halafu ikarudi kahawia na madoa ya kijani kama majani yaliyomzunguka. Mkono mmoja ukatoka taratibu, ukavuta kombe tupu mpaka mlangoni pake. Ukitaka kumjua pweza alipo, tafuta makombe na magamba ya kaa yaliyorundikwa mbele ya shimo, hafagii vizuri. Mama yule hakuniuliza tena kuhusu bustani mpaka nilipomkumbusha mwenyewe.

Kwenye majani hayo ndiko kasa wa kijani hula. Ukimwona, acha kupiga kafi. Kasa anayelisha huibuka kuvuta pumzi, hutoa kichwa sekunde chache, anashuka palepale aliposhuka awali, kwa hiyo anayengoja huona mara mbili na anayemkimbiza huona mkia. Kumkimbiza ni kumnyima pumzi pia. Hapa Watamu kasa wana marafiki: shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch, hupokea kutoka kwa wavuvi kasa walionaswa nyavuni kwa bahati mbaya, huwatibu wanaohitaji, na kuwarudisha baharini.

Juu ya matumbawe utaona pono wakitafuna mwamba kwa midomo yao ya kasuku. Mchanga mwingi mweupe mnaoupigia picha umepita matumboni mwao. Utaona kangaja, changu, tafi kwa makundi, na mkunga akiwa ametoa kichwa tu. Mimi humtafuta kikande. Ni samaki mkorofi, mwenye meno, na kazi yake hapa ni kubwa: anawavunja wale wanyama weusi wa miiba mirefu wanaokaa kwenye nyufa. Mtafiti Tim McClanahan, ambaye amechunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, alionyesha kwamba palipovuliwa vikande wakaisha, wenye miiba huzaana wakaukwangua mwamba. Ukipita kwenye kayaki ndani ya hifadhi kisha ukapita mahali panapovuliwa sana, hesabu miiba tu, hutahitaji kuelezwa mengi.

Matumbawe yetu yana makovu. Mwaka 1998 maji yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani nzima yakapauka na kufa. Yale makubwa ya mviringo ambayo bado yapo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Ndiyo sababu siruhusu kayaki ipite pale ambapo chini yake hapana angalau mita moja ya maji. Kafi langu lina sentimita 230. Nalitumbukiza hadi nusu mahali penye mchanga, likigusa chini nageuza. Mwendeshaji anayekuburuza juu ya matumbawe, ukasikia krrr chini ya kalio lako, amekata miaka ambayo hatailipa.

Hapo nina neno na baadhi ya wenzangu. Kutupa mkate ili samaki waje kwenye kioo ni ulaghai mdogo. Wanaokuja ni aina mbili tatu tu, wale wa milia, wengine wote wanafukuzwa, na mgeni anaondoka akidhani ameiona bahari. Na kule kwenye mafungu ya mchanga ambako Waitaliano walipabatiza Sardegna Due, kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, anatolewa majini, anawekwa juu ya paja la mtu, picha kumi, anarudishwa. Yule mnyama hupumua kwa maji. Kayaki hii ilitengenezwa ili umwone alipo, na kwenye mchanga wa maji ya magotini anaonekana vizuri kabisa, mwekundu, na vidole vyake vitano.

Usalama kwa ufupi. Kayaki hizi ni pana, tambarare, hazipinduki kirahisi, lakini tumbo tambarare lisilo na mkuku hupeperushwa na upepo kama sahani. Natoka nikiwa nakabili upepo ili wakati wa kurudi, mikono imechoka, upepo utusukume nyumbani. Mlango wa mwamba, lile pengo la kutokea bahari kuu, tunakaa mbali nao, hasa maji yakipwa, maana yote ya ndani yanatokea pale. Hakikisha kuna mifuko ya hewa mbele na nyuma. Kayaki ya namna hii ikijaa maji bila mifuko hiyo, haitakubeba. Jaketi la kuokolea linavaliwa. Halikaliwi.

Sakafu yenyewe ina adui mmoja, mchanga. Kabla ya kupanda nakuosha miguu, na wageni hufikiri ni heshima. Chembe chache chini ya kisigino zikisuguliwa saa nzima, sakafu inakuwa na ukungu usiotoka tena. Huoshwa kwa maji baridi na sabuni laini, kwa kitambaa cha pamba, na haisogezwi karibu na petroli wala dawa kali za kusafishia vioo. Mafuta ya jua yapake nusu saa kabla, nyumbani, yakauke. Yanateleza, yanachafua plastiki, na mengine yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Shati la mikono mirefu linafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Ukipiga simu kuweka nafasi, kwa mwongozaji yeyote, muulize leo maji yanajaa saa ngapi. Atakayekujibu palepale bila kufungua simu, nenda naye. Atakayekuambia "saa yoyote ukitaka, boss", mwambie utampigia tena. Halafu omba kuiona sakafu ya kayaki kabla hujatoa pesa: inama, weka kiganja chako upande wa pili, na kama huoni mistari ya kiganja hicho, hutamwona pweza.