Rangi za Nguzo za Uumbaji si pambo

Kila nikionyesha watu picha ya Nguzo za Uumbaji, swali huwa lile lile: hizo rangi ni za kweli, au mmezipaka? Kazi yangu ni kuchakata picha za darubini, na jibu langu ni kwamba zimepakwa, tena kwa makusudi. Bila hivyo picha isingekuwa na mengi ya kutufundisha.

Picha hiyo ilipigwa na darubini ya Hubble Aprili 1995. Nguzo ni gesi na vumbi ndani ya Nebula ya Tai (M16), miaka ya nuru kama 6,500 kutoka hapa. Kamera ya Hubble haijui rangi. Inahesabu nuru, basi. Mbele yake huwekwa kichujio kinachopitisha ukanda mwembamba tu wa nuru, picha inapigwa, kisha kinawekwa kingine. Safari ile vilitumika vitatu, kila kimoja kwa urefu wake wa wimbi la nuru: nanomita 502 kwa oksijeni, 656 kwa haidrojeni na 673 kwa salfa.

Hizo mbili za mwisho, kwa jicho, zote ni nyekundu. Ukiziacha na rangi yake ya asili zinamezana, usijue salfa iko wapi na haidrojeni iko wapi. Ndiyo maana Jeff Hester na Paul Scowen, wanaastronomia walioitengeneza picha hiyo, waliipa salfa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu: wimbi refu upande wa nyekundu, fupi upande wa buluu. Sasa picha inasomeka. Penye buluu, mionzi ya urujuanimno ni mikali kiasi cha kuinyang'anya oksijeni elektroni mbili. Salfa iliyopoteza elektroni moja inajitokeza zaidi kwenye kingo za nguzo. Na ule ukungu unaofuka kingoni ni gesi inayovukizwa na nyota changa, zenye joto kali, zilizo nje ya fremu upande wa juu.

Hila ipo. Nuru ya haidrojeni ni nyingi mno. Isipopunguzwa, kijani kinafunika kila kitu. Ikipunguzwa, nyota nazo zinapungukiwa kijani, zinabaki na nyekundu na buluu, na kugeuka zambarau, rangi ambayo hakuna nyota iliyo nayo. Wenzangu wengine huzirekebisha. Mimi huziacha.

Na ungesogea karibu kwa chombo, je? Usingeona zaidi ya ukungu hafifu. Wingu likikua machoni, nuru yake nayo inatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi, hivyo mng'ao wa kila kipande hauongezeki hata kidogo.

Darubini ya Webb ilizipiga nguzo hizo hizo mwaka 2022 kwa infraredi, nuru isiyoonekana kwa jicho, ambayo hupenya vumbi vizuri zaidi, na nyota zilizokuwa zimejificha zikajaa tele. Kanuni ya rangi ni ile ile.

Ninayoilalamikia ni rangi ya chungwa ya shimo jeusi la galaksi ya M87, picha iliyotolewa Aprili 2019. Ilitokana na mawimbi ya redio ya milimita 1.3, urefu mmoja tu, kwa hiyo hakuna cha kutenganisha kwa rangi. Uchungwa ule umewafanya watu wadhani wanatazama moto. Ningeachiwa mimi, ningeitoa kwa kijivu, jicho liende moja kwa moja kwenye upande wa chini wa pete inayong'aa kulizunguka shimo. Huko kunang'aa zaidi kwa sababu gesi yake inakuja upande wetu kwa kasi inayokaribia ile ya nuru.