Mvutano wa uso: maji hayana ngozi

Laza sindano kavu taratibu juu ya maji yaliyotulia. Itaelea, ingawa chuma cha pua ni kizito kuliko maji karibu mara nane. Bonyeza ncha yake kidogo iingie majini, nayo itazama moja kwa moja. Wengi hulieleza jambo hili kwa kusema kuwa maji yana ngozi. Hayana. Maji ya juu na ya chini ni yale yale.

Kinachotofautiana ni ujirani. Molekuli iliyo ndani imezungukwa na nyingine pande zote, na zote zinaivuta. Iliyo usoni imekosa majirani wa juu, kwa kuwa hewa ni kama haiivuti. Kwa hiyo kuutanua uso ni kuzitoa molekuli zaidi kutoka ndani na kuzipeleka penye majirani wachache, na kazi hiyo hula nishati. Kiasi cha nishati kwa kila eneo la uso, au ukipenda nguvu kwa kila mita ya ukingo, ndicho mvutano wa uso. Kwa maji ya nyuzi 25 za Selsiasi ni takriban nyutoni 0.072 kwa mita. Zebaki inazidi hapo zaidi ya mara sita.

Kimiminika kikiachwa huru hupunguza uso wake kadiri kiwezavyo, na kwa ujazo uleule hakuna umbo lenye uso mdogo kuliko tufe. Tone la mvua lenye mkia kama chozi ni la wachoraji tu: madogo ni tufe, makubwa hubonyezwa na hewa yakawa bapa upande wa chini.

Uso uliopinda pia hubana kilichomo ndani, na tone likiwa dogo hubana zaidi. Shinikizo la ziada ni mara mbili ya mvutano wa uso, ukigawanya kwa nusu ya kipenyo. Nusu hiyo ikiwa milimita 1, tone la maji lina ziada ya paskali (kipimo cha shinikizo) 144 hivi. Ikiwa maikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, ni paskali 144,000, kubwa kuliko hata shinikizo la angahewa. Kiputo cha sabuni kina nyuso mbili, ya ndani na ya nje, hivyo badala ya mbili tunaweka nne. Sasa unganisha kwa mrija kiputo kikubwa na kidogo. Ungedhani vitalingana, kumbe kidogo humpulizia mwenzake hewa yote, chenyewe kikanywea.

Na sabuni je? Haiongezi mvutano, huupunguza hadi karibu theluthi. Kinachokidumisha kiputo ni kwamba utando ukitanuka mahali fulani, sabuni ya pale hutawanyika, mvutano wa pale hupanda, na kimiminika cha jirani huvutwa kuja kuziba palipokonda.