Je, wajua? Kwa nini mtoto mmoja hupewa majina matatu: hospitali, skuli na kwa sheha

Chukua mtoto wa miaka minane wa Konde au Micheweni, huku kwetu Pemba. Kachelewa kutembea, maneno yake machache, darasa la kwanza karudia na bado herufi hazijamkaa. Mama yake kampeleka hospitali, kwenye karatasi kaandikiwa "ulemavu wa akili". Kenda skuli, mwalimu kamwambia huyu ni "mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu". Kenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kujaza fomu, kaandikwa "mtu mwenye ulemavu" na suala likaisha hapo. Mtaani nako wana majina yao wanayomwita, hayo tuyawache.

Sasa mama wa watu anarudi nyumbani anajiuliza, mwanangu ana vitu vitatu? Hapana. Kitu ni kimoja, ila kila ofisi ilikuwa na suala lake. Hospitali inauliza amepata nini na tangu lini. Skuli inauliza asaidiwe vipi ili asome. Kwa sheha wanataka kujua anaingia kwenye orodha au haingii. Ukishajua ofisi imeuliza nini, yale maneno hayakutishi tena, na ukiona jibu halilingani na suala unaweza kubisha.

Tuanze na neno kubwa linalobeba yote, ulemavu wa ukuaji. Hili si jina la maradhi, ni jina la kundi zima. Ndani yake mna ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo na mengineyo, na kinachowaweka pamoja ni wakati tu, yaani limeanza ubongo ukiwa bado unakua, tumboni, wakati wa kuzaliwa au utotoni, na linakwenda na mtu maisha yake. Wamarekani wao kwenye sheria yao wamechora mstari kabisa, lazima liwe limejitokeza kabla mtu hajafika miaka 22. Kwa hiyo babu aliyepigwa na kiharusi akiwa na miaka 60 akapoteza maneno, ulemavu anao, lakini si wa ukuaji, mana yeye alishakua akamaliza.

Na ukiwa ndani ya kundi hilo usidhani wote ni sawasawa. Mtindio wa ubongo ni hitilafu ya sehemu za ubongo zinazoamrisha viungo, ndo mana mtoto anakaza miguu, anajipinda, mate yanamtoka, lakini wengi wao akili zao ziko salama kabisa na wanasikia kila mnachosema juu yao mkiwa mmekaa barazani. Usonji uko kwenye mawasiliano na kuchangamana na watu, na namna mtu anavyopokea kelele, mwanga, mguso. Mwenye hali ya Down (Down syndrome) yeye kazaliwa na nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili, na kwa sababu hiyo siku yao duniani ikawekwa tarehe 21 Machi, ishirini na moja ya mwezi wa tatu, waliipanga kwa makusudi.

Haya, sasa tufike kwenye lile linalotuchanganya sana huku kwetu. Ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili ni vitu viwili. Ugonjwa wa akili unaweza kumkuta mtu mzima mwenye digrii yake, kazi yake, watoto wake, akaanza kusikia sauti au akazama kwenye huzuni isiyoondoka, na mara nyingi dawa zipo na nafuu anapata. Ulemavu wa akili hauingii ghafla ukubwani. Ni namna ubongo ulivyokua, kujifunza kunakwenda polepole, kufikiri mambo magumu kunashinda, na hakuna kidonge cha kuuondoa. Ndo mana mtu anayekwambia "mpelekeni Kidongo Chekundu" kila akimuona kijana mwenye ulemavu wa akili, kamtuma mlango siwo. Ile ni hospitali ya maradhi ya akili. Kijana huyu anahitaji mwalimu, mazoezi, na watu wenye subira. Lakini pia, na hili watu hulisahau, mwenye ulemavu wa akili naye anaweza kuugua akili kama mtu mwengine yeyote. Akibadilika ghafla, halali, hali, analia, anajipiga, msiseme "ndo ulemavu wake huo". Huenda anaumwa jino na hana maneno ya kusema. Huenda kuna mtu kamfanyia jambo.

Hata majina ya jumuiya zetu yanaonesha mchanganyiko huo. ZAPDD, jumuiya inayosimamia kundi hili Unguja na Pemba, kwa Kiingereza jina lake linataja ulemavu wa ukuaji, kwa Kiswahili inajulikana kama Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili. Mzazi wa mtoto mwenye usonji au mtindio akisikia jina la Kiswahili anaweza kudhani pale hapamhusu, bora aende tu akaulize.

Je, daktari anajuaje? Hapa ndipo penye neno tathmini, na wazazi wengi wanadhani ni kama kupima malaria, unatobolewa kidole jibu linatoka. Wallahi ingekuwa rahisi hivyo. Kuna kipimo cha akili ambacho wastani wake ni 100, na mtu akiwa chini ya 70 hivi ndipo wataalamu wanaanza kufikiria ulemavu wa akili. Wanaanza kufikiria tu, hawajamaliza. Lazima waangalie na kitu cha pili, ambacho kwa maoni yangu ndicho kikubwa, nacho ni stadi za maisha ya kila siku: anajivisha mwenyewe? Ukimtuma dukani na shilingi elfu moja anarudi na mkate na chenji? Anajua gari ya Wete na gari ya Mkoani ni mbili tofauti? Anaelewa mtu akimtania na mtu akimtukana? Zote mbili zikipungua, na ikawa imeanza utotoni, ndipo jina linaandikwa. Namba peke yake haitoshi, na siku hizi hata kiwango, kama ni kidogo, wastani, kikubwa au kikubwa mno, kinapimwa zaidi kwa kuangalia mtu anahitaji msaada kiasi gani kuliko alama alizopata. Isitoshe vipimo vingi vimetungwa nchi za watu, mtoto wa Makangale anaoneshwa picha ya kitu ambacho hajakiona tangu azaliwe kisha anaambiwa kakosa.

Na kabla ya yote hayo, masikio! Mtoto asiyesema apimwe kusikia kwanza. Kiziwi aliyekosa lugha akiwa mdogo anaweza kuonekana kama mwenye ulemavu wa akili, akapewa jina lisilo lake na kuishi nalo miaka. Ukiambiwa mwanao ana ulemavu wa akili na hakuna aliyemgusa masikio, uliza.

Utambuzi wa mapema mana yake ni kutosubiri skuli. Ile kadi ya kliniki si ya chanjo na kilo tu. Mtoto kafika miezi 18 hatembei peke yake, au hana hata neno moja, au alikuwa na maneno kisha yakapotea, sema kliniki siku hiyohiyo. Najua bibi atasema "hata baba yake alichelewa", na pengine kweli, lakini kuangaliwa hakumpunguzii mtoto kitu. Kuna wanaokwenda kwa mwalimu kusomewa kwanza wakihofia mtoto kabadilishwa au kapigwa na shetani, dua haina ubaya, ila isiwe badala ya kliniki, mana ubongo wa mtoto mdogo ndio unaopokea mazoezi vizuri zaidi na miaka ile hairudi. Sababu nyengine zinazuilika kabisa: mtoto kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za mwanzo isiyotibiwa, mama mjamzito kukosa madini joto. Hili la mwisho Pemba litusikilishe kidogo, sisi tunavuna chumvi wenyewe, na chumvi isiyotiwa madini joto haimsaidii mtoto aliye tumboni hata ikiwa nyeupe vipi.

Baada ya jina linakuja neno utengamao. Wazazi wanalisikia wanadhani ni tiba, wanakwenda mara mbili tatu, mtoto "hajapona", wanaacha. Utengamao hauahidi kupona. Kazi yake ni kumfanya mtoto aweze zaidi kuliko jana: fiziotherapia ya viungo, mazoezi ya kushika kijiko na kufunga vifungo, mazoezi ya kusema au ya kuonesha picha kwa asiyeweza kusema. Sehemu kubwa inafanyika nyumbani mkekani, mtaalamu anakuonesha tu. Vifaa saidizi vimo humohumo, kiti, kitabu cha picha, ubao wa kusimamia.

Skuli sasa. Zanzibar tunasema elimu mjumuisho, bara utasikia elimu jumuishi, ni hilohilo. Mtoto anasoma skuli ya mtaani kwao pamoja na wenzake, na skuli ndiyo inayojirekebisha. Watu wanaichanganya na kumtia mtoto darasani basi. Kukaa nyuma ya darasa la watoto themanini bila mtu kukutazama hakuitwi ujumuisho, kunaitwa kukaa. Kinachoonesha kama jambo limefanyika ni mpango binafsi wa elimu, karatasi inayosema mtoto huyu, si darasa zima, atajifunza nini muhula huu na nani atamfundisha. Ukiona umeandikwa "aongeze uwezo wa kujitegemea" urudishe kwa adabu. Uandikwe "mpaka mwisho wa muhula ataandika jina lake bila kuoneshwa" au "ataomba ruhusa ya kwenda chooni kwa ishara". Hilo utaliona limetimia au halikutimia. Na mzazi una haki ya kukaa kwenye kikao hicho, wewe ndiye unayejua kwamba anapenda mpira na anaogopa kengele.

Marekebisho stahiki yanasikika kama neno la mahakamani lakini ni kitu chepesi, kumbadilishia mtu mmoja jambo ili aweze: muda zaidi kwenye mtihani, maelekezo mafupi, picha badala ya maneno. Kumnyima bila sababu ni ubaguzi, na hili limo kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009. Hapa Zanzibar tulikuwa na Sheria Namba 9 ya 2006, na tangu 2022 tuna mpya, pamoja na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ambalo ndilo pa kupeleka malalamiko.

Na kule kwa sheha, au siku ya sensa, usishangae usipoulizwa "ana ulemavu gani". Mtindo unaotumika nchi nyingi ni masuala sita, ana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana, na unajibu kwa kiwango: hana shida, kidogo, kubwa, hawezi kabisa. Anayehesabiwa ni wa kuanzia shida kubwa. Mzazi ambaye kwa aibu anajibu "kidogo tu" kamtoa mwanawe kwenye hesabu kwa mdomo wake mwenyewe.

Kuna kauli moja natamani ife, "ana akili ya mtoto wa miaka mitano". Inatolewa kwa nia njema ili jirani aelewe, lakini msichana wa miaka 22 mwenye ulemavu wa akili si mtoto. Ana mwili wa mtu mzima, anaingia mwezini, anapenda, anachukia, ana miaka 22 ya mambo aliyoyaona. Ukimchukulia mtoto humfundishi kuhusu mwili wake, na anayetaka kumdhalilisha anajua hilo vizuri kuliko sisi. Kisha likitokea, familia inasema "hata hajui kueleza". Anaweza kueleza, akipewa muda, picha, na mtu anayemuamini. Vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyowapokea waliodhalilishwa, ni vyake pia.

Kauli hiyohiyo inaharibu na suala la uamuzi. Usimamizi ni mtu mwengine kuamua badala yako. Uamuzi wa kusaidiwa ni wewe kuamua, ila kuna mtu anakufafanulia, anakupunguzia maneno, anakukumbusha. Ule mkataba wa 2006, ibara ya 12, umesimama upande huu wa pili. Kwetu linajitokeza zaidi kwenye mirathi: baba kafariki, shamba la mikarafuu linagawiwa, kaka mkubwa anasema "fungu la huyu nalishika mimi". Huenda ana nia safi. Lakini mwenyewe kaulizwa? Kaoneshwa miti yake ni ipi? Pesa za karafuu zikija anajua zake ni ngapi? Hayo si mambo makubwa, ni kukaa naye alasiri moja shambani.

Mapumziko ya mlezi, yaani mtu mwengine kukushikia mtoto nawe upumzike, mtaikuta kwenye vitabu vya nchi tajiri kama huduma ya kulipiwa, huku inafanywa na shangazi na bibi, na mama asione haya kuiomba. Mpito nao ni neno la siku mtoto anapomaliza skuli. Lisisubiri amalize. Akifika miaka 14 au 15 muanze kuuliza anapenda kushika nini, kama ni kuku, ushoni au kusuka ukili, kisha mkaulize kituo cha mafunzo ya amali kilicho karibu kama watampokea na watabadilisha nini ili aweze, na jibu lao waliandike.