Kwa Nini Stenti na Mipira ya Hospitalini Hupakwa Polima? Maswali na Majibu

Wagonjwa wengi hapa Nairobi hurudi nyumbani wakiwa na kifaa mwilini: stenti ya moyo (kijibomba cha wavu wa chuma kinachouweka mshipa wazi), mpira wa mkojo, au mpira wa kusafishia damu uliowekwa shingoni. Haya ni maswali ambayo wao na jamaa zao huuliza kuhusu upako wa vifaa hivyo.

Swali: Chuma au plastiki iliyo safi ina tatizo gani hadi ipakwe kitu kingine?

Hata iwe safi kabisa, ikigusa damu protini huanza kuishika ndani ya sekunde chache, kabla seli yoyote haijafika. Kuna albumini, ambayo kwa kawaida haina matata, na kuna fibrinojeni, protini inayosaidia damu kuganda. Seli zikifika huzikuta protini hizo juu, wala si plastiki yenyewe. Chembe sahani zikikuta fibrinojeni hujishika hapo, huziita nyingine, na damu ikaanza kuganda. Seli za kinga zikishindwa kukimeza kitu hicho kigeni hukizungushia kovu. Bakteria nao wakiwahi nafasi, hujenga utando wa ute ambao antibiotiki hupata shida kuupenya. Kwa hiyo upako hufanya kazi mapema sana, pale protini zinapotafuta pa kushika.

Swali: Upako huo unazizuiaje?

Mara nyingi kwa maji. Polima ni molekuli ndefu zenye vipande vinavyojirudia, na baadhi yake, kama polietilini glikoli, hushikilia maji kwa nguvu hata protini zikakosa nafasi. Kemikali nyingine ya upako, fosforilikolini, huiga uso wa nje wa chembe nyekundu za damu. Imetumika kwenye stenti na kwenye lenzi za macho. Ipo mipira ya mkojo yenye upako unaopenda maji: ukiulowesha, huteleza kama mrenda na kuingia bila kuchubua njia ya mkojo. Mipira mingine hupakwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo ugunduzi wake ulianza mwaka 1916 kwa kazi ya mwanafunzi wa udaktari Jay McLean huko Baltimore.

Wakati mwingine lengo ni kinyume, yaani kuzikaribisha seli. Chupa za plastiki za kukuzia seli maabara ni mfano mzuri: polistirini haipendi maji, hivyo uso wake hubadilishwa kwanza ndipo seli zikubali kukaa.

Swali: Mzee wetu aliwekewa stenti. Sasa anajisikia vizuri na dawa ni ghali. Anaweza kuziacha?

Hapana, asiache kabla ya kuzungumza na daktari wake wa moyo. Naomba kila familia yenye mgonjwa wa stenti ilielewe jambo hili.

Stenti za kwanza, mwaka 1986, zilikuwa chuma kitupu. Ukuta wa mshipa ulijeruhiwa, seli zake za misuli zikaota kupita kiasi, na kwa wagonjwa wengi mshipa ukawa mwembamba tena. Ndipo stenti ikapakwa polima iliyobeba dawa na kuiachilia polepole kwa wiki na miezi. Dawa ya mwanzo, sirolimusi, ilitokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, na stenti hiyo iliwekwa kwa wagonjwa wa kwanza São Paulo mwaka 1999.

Lakini dawa hiyo haibagui. Inapozuia seli za misuli, huzichelewesha pia zile seli nyembamba za ndani ya mshipa zinazopaswa kukifunika chuma. Kabla hazijakifunika, damu inaweza kugandia hapo. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupewa dawa za kuzuia damu kuganda, yaani aspirini pamoja na klopidogreli au dawa ya jamii yake, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12, kisha huendelea na moja. Akikatiza mapema, stenti inaweza kuziba ghafla na kumletea mshtuko wa moyo hata kama jana alikuwa mzima. Kama shida ni pesa, mwambieni daktari waziwazi, kwa kuwa klopidogreli ina aina za bei nafuu. Na akienda kung'oa jino, amweleze daktari wa meno kabla ya kitu chochote.

Swali: Mpira wangu una upako mzuri. Bado niogope maambukizi?

Ndiyo. Upako huchelewesha tu. Kwa mpira wa mkojo, uwezekano wa bakteria kuingia huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7 kila siku, kwa hiyo dawa bora ni kuutoa mara tu usipohitajika. Nawa mikono kabla ya kuushika, na mfuko uwe chini ya kibofu bila kugusa sakafu.

Mpira wa shingoni usilowe kamwe. Kwa anayeishi Pipeline au Kayole katika ploti yenye bafu la wapangaji wote, ni heri kuoga chumbani kwa beseni na kitambaa. Usimruhusu mtu autumie kutolea damu au kukudunga dawa isipokuwa wahudumu wa kitengo cha figo. Ukipata homa au kutetemeka, hata katikati ya kusafishwa damu, sema papo hapo; ukiwa nyumbani, nenda hospitalini siku hiyohiyo.

Swali: Niulize nini kabla ya kuwekewa mpira wa mkojo?

Uliza utakaa muda gani na nani atautoa. Mwenye mzio wa raba aseme mapema: mipira mingi ya bei nafuu ni raba iliyopakwa silikoni juu, na upako huo haumkingi. Yeye anahitaji wa silikoni tupu.