Je, wajua kwa nini kidevu chako hunyooka kwenye kioo na kupinda kwenye picha?

Fungua kamera ya mbele ya simu yako, ujitazame kidogo kabla ya kubonyeza. Uso umetulia, kidevu kiko mahali pake. Sasa piga. Simu nyingi hukuonyesha taswira ya kioo unapojipanga, kisha huigeuza kushoto kulia zinapoihifadhi, na hapo ndipo sura inaporuka: kidevu kimeegemea upande, pembe moja ya mdomo imeshuka, taya limejaa huku na kupungua kule. Wengi hufuta na kupiga tena. Wachache huanza kumtafuta daktari wa sindano za kurekebisha uso.

Kwa miaka mingi nilikuwa na maelezo yangu ya jambo hili, na niliyagawa hata kwa watu wasioyaomba: kioo hubembeleza, kamera husema kweli. Yanasikika kama busara. Kumbe nusu ya kwanza si kweli, na nusu ya pili pia si kweli, jambo ambalo si rahisi kulifanikisha kwa maneno matano.

Tuanze na kioo. Kioo bapa hakina uwezo wa kumbembeleza mtu. Kidevu kilichotoka katikati kwa milimita 2 huonekana kwenye kioo kimetoka milimita 2 hizohizo. Hakuna kilichonyooshwa wala kufichwa. Kilichozoea kudanganya ni kipimo kilichomo kichwani mwa anayetazama.

Mfano ulionifanya nielewe hautoki kliniki, unatoka kwa mafundi wa ujenzi. Mwashi akiishuku pimamaji yake, huiweka juu ya ubao uliolala sawasawa, husoma kiputo cha hewa, kisha huigeuza ncha kwa ncha palepale. Pimamaji nzima husoma vilevile. Mbovu hubadili kauli: iliyosema ubao umeinamia kulia sasa inasema umeinamia kushoto. Na utamu uko hapa: umbali ambao kiputo kimehama si hitilafu ya pimamaji, ni hitilafu hiyo mara mbili. Fundi anayeijua kazi yake huugawa kwa mbili ndipo aanze kusahihisha.

Badala ya ubao, weka uso. Tuseme kidevu chako kimeegemea kushoto kwa milimita 2. Umekiona hivyo kwenye kioo tangu utotoni, asubuhi na jioni, mpaka ubongo umekiandika kuwa sifuri. Uko kama dereva wa gari linalovuta kushoto, ambaye kwa mazoea hushika usukani umepinda kidogo kulia na kuapa kwamba gari linakwenda sawa. Mpe gari linalovuta kulia kwa kiasi kilekile, atashuka akisema ni bovu kupindukia. Picha iliyogeuzwa ndiyo gari hilo la pili. Kidevu kimehamia upande mwingine: milimita 2 kutoka katikati ya kweli, lakini milimita 4 kutoka kwenye sifuri yako. Unachokishtukia ni kasoro yako mara mbili. Rafiki yako, ambaye hajawahi kukuona kwa namna nyingine, anaiona picha ya kawaida kabisa, na ukimwonyesha kidevu kilivyopinda atauliza ni kidevu kipi.

Hesabu hiyo ni ya jiometri, na ubongo haubebi rula. Nisingeapa kwamba mshtuko unaongezeka mara mbili barabara. Lakini upande wa mazoea umepimwa. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kukutana na kitu mara kwa mara, bila lolote jingine, hutosha kutufanya tukipende zaidi. Mwaka 1977 Mita, Dermer na Knight wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Milwaukee waliligeuzia wazo hilo kwenye nyuso (ndiyo, mtafiti wa nyuso zisizolingana aliitwa Mita). Waliwaonyesha wanafunzi wa kike picha zao mbili, moja ya kawaida na moja iliyogeuzwa kama kioo, wakawaonyesha marafiki zao hizohizo. Wenye nyuso walielekea kupenda ile ya kioo. Marafiki walielekea kupenda ile ya kawaida. Kila upande ulichagua uso unaoufahamu. Washiriki walikuwa wachache, kwa hiyo huo si msingi wa kujengea ghorofa, ila unakaa vizuri na kila tunachokijua kuhusu mazoea.

Kuna kioja kingine juu ya hicho. Tangu miaka ya 1970, kazi ya Gilbert na Bakan ikiwa miongoni mwa za mwanzo, imeonekana kwamba tunapotazama uso tunaupa uzito zaidi ule upande ulio kushoto kwetu sisi watazamaji. Ukisimama mbele ya kioo, kilicho kushoto kwako ni nusu yako ya kushoto. Anayesimama mbele yako, kushoto kwake kuna nusu yako ya kulia. Kwa maneno mengine, wewe na jirani yako hamhukumu nusu moja ya uso wako. Mnaweza kubishana siku nzima na nyote mkawa mnasema kweli.

Sasa kamera. Nayo haidanganyi kwa makusudi, lakini iko karibu mno. Kitu kilicho karibu huonekana kikubwa, na kwa umbali wa mkono tofauti ndogo huwa kubwa. Ukiishika simu pembeni kidogo, pembe moja ya taya ikawa sentimita 30 kutoka kwenye lenzi na nyingine sentimita 32, ya kwanza itatoka kubwa zaidi kwa takriban asilimia 7. Rudi nyuma hadi mita 1.5, tofauti ileile ya sentimita 2 inabaki na athari ya kama asilimia 1. Madaktari wa Marekani waliochapisha hesabu yao mwaka 2018 walikadiria kwamba selfi ya sentimita 30 huipanua pua kwa karibu asilimia 30, na kwamba kwenye mita 1.5 upotoshaji huo karibu unatoweka. Simu ikishikwa chini ya uso, ni zamu ya taya na kidevu kuvimba.

Pamoja na hayo yote, milimita 2 zipo. Hakuna uso wa mtu mzima ulio sawa kabisa pande zote, na sehemu ya chini ndiyo inayopinda kirahisi. Taya la chini huanza kama nusu mbili zinazokuja kuungana kidevuni katika mwaka wa kwanza baada ya kuzaliwa, kisha hukua likiwa limening'inia kwenye viungo viwili mbele ya masikio, na huchelewa kumaliza kukua kuliko mifupa mingine ya uso. Upande mmoja ukiutangulia mwingine kidogo, kidevu ndicho kinachobeba tofauti, kama ncha ya fimbo ndefu. Katika kliniki ya Chuo Kikuu cha North Carolina, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba kati ya wagonjwa wa taya waliokuwa na uso usiolingana, asilimia 74 tatizo lilikuwa sehemu ya chini na asilimia 5 tu sehemu ya juu. Hao walikuwa wagonjwa, si watu wa mtaani tu, lakini mwelekeo unaeleweka.

Je, kutafuna upande mmoja ndiko kulikopinda? Hilo nalo niliwahi kuliamini. Ushahidi ni mwembamba, na haujui kipi kilitangulia: huenda mtu hutafuna kulia kwa sababu meno ya kulia yanakutana vizuri zaidi. Msuli unaweza kunenepa kwa kazi. Kudai kwamba mfupa wa mtu mzima utahama kwa kubadili upande wa kutafunia, au kwa kuubandika ulimi kwenye kaakaa kama video nyingi zinavyofundisha, ni jambo jingine.

Kabla ya kuamua lolote, basi, fanya kama mwashi: gawa kwa mbili. Piga picha kutoka mita 1.5, lenzi ikiwa usawa wa macho, na uiangalie pamoja na nakala yake iliyogeuzwa. Hakikisha kichwa hakijainama, maana shingo iliyoinama hupindisha kidevu bure. Nyoosha uzi kutoka katikati ya nyusi hadi kwenye kijishimo cha mdomo wa juu, uone kidevu kinaangukia wapi. Uma kijiti bapa kwa meno ya nyuma. Kikilala mshazari ukilinganisha na macho, tatizo limeanzia juu ya kidevu. Tafiti kadhaa zinaelekeza kwamba kidevu kilichohama chini ya milimita 3 au 4 watu wengi hawakioni.

Kinachoamua tiba si ukubwa wa kasoro peke yake, ni tabaka iliyomo. Weka vidole kwenye pembe za taya na ukaze meno. Kitakachotuna ni masseta, msuli mkuu wa kutafunia. Ukituna sana upande mmoja tu, daktari anaweza kuuchoma sumu ya botulinamu (Botox ni chapa moja tu ya dawa hiyo). Sumu huzuia neva kumwaga asetilikolini, ile kemikali inayouamuru msuli ukaze, na msuli usio na kazi husinyaa taratibu, kama mguu unavyotoka mwembamba kwenye plasta gumu. Kwa hiyo umbo halibadiliki siku ya sindano. Husubiriwa wiki kadhaa, na baada ya miezi kadhaa msuli hurudi. Dawa ikisambaa mbele kupita kiasi hufikia misuli ya tabasamu, na mtu aliyekuja kulinganisha taya anaondoka na tabasamu la upande mmoja kwa muda. Ngozi iliyokwisha kulegea nayo inaweza kuning'inia zaidi msuli ukipungua.

Fila, yaani kijazio kinachochomwa chini ya ngozi, hufanya kazi tofauti: huongeza, haihamishi. Ni kama ukuta uliopinda kupigwa lipu nene upande mmoja. Jicho linatulia, ukuta uko palepale. Kwa milimita chache hiyo inatosha kabisa. Zile za asidi ya hayaluroni zina faida kwamba kuna kimeng'enya cha kuziyeyusha. Hatari yake kubwa ni adimu lakini si ya kupuuza: kuziba mshipa wa damu. Kaza meno tena, telezesha kidole kwenye ukingo wa chini wa taya hadi mbele tu ya masseta, kisha legeza. Utasikia ateri ya uso ikidunda pale. Ndiyo sababu anayechoma eneo hilo anapaswa kuijua ramani yake na kuwa na kimeng'enya hicho karibu. Ngozi ikipauka ghafla, maumivu yakiwa makali au uwezo wa kuona ukibadilika, hiyo ni dharura, wala si "itapoa kesho".

Mfupa na meno ni hadithi ndefu zaidi: vyuma vya kupanga meno, upasuaji wa kukata kidevu na kukisogeza, au wa taya zima. Hapo kuna ganzi ya mdomo wa chini ambayo kwa wengine haiishi yote. Kabla ya kisu, ukuaji uwe umekoma. Kuna watu ambao kichwa kimoja cha taya (ncha ya mfupa iliyo kwenye kiungo mbele ya sikio) huendelea kukua baada ya kingine kusimama, na daktari huweza kuagiza kipimo cha picha kinachotumia dawa yenye mionzi hafifu kuona kama mfupa bado unafanya kazi.

Uso uliopinda ghafla, kwa saa au siku, hauhusiani na makala haya: ni wa kukimbizwa hospitali, maana huenda ni kiharusi. Na takriban asilimia 2 ya watu wana hali ya kuandamwa na kasoro ambayo wengine hawaioni. Kwao sindano mara nyingi haitulizi chochote, na msaada unaofaa ni wa afya ya akili.

Ukirudi kwenye pimamaji, utagundua jambo moja ambalo aliyetibiwa hulishangaa. Kidevu kikisogezwa milimita 2 hadi katikati kamili, kwenye picha kitaonekana kimepona nusu tu, na kwenye kioo, ambako kilikuwa sawa miaka yote, kwa mara ya kwanza kitaonekana kimepinda. Jiometri inalitabiri hilo. Sifuri ya zamani bado iko palepale, ikisubiri asubuhi za kutosha mbele ya kioo ili nayo ihame.