Kilatini hakikuzaa Kiingereza

Kuna kauli inarudiwa madarasani na redioni kana kwamba ni kanuni: "Kiingereza kimetokana na Kilatini." Nimeisikia mara nyingi mno, siwezi tena kuinyamazia.

Kilatini ni lugha ya Walatini, watu wa Latium, eneo dogo la Italia ya kati karibu na mto Tiber, ambako Roma ilijengwa. Jirani zao Waetruski walikuwa na lugha isiyo na undugu wowote na hiyo, ingawa ndio waliowapa Warumi alfabeti, nao waliipata kwa Wagiriki. Yaliyofuata yanajulikana: majeshi ya Roma yalikisambaza Kilatini hadi Hispania, Ufaransa ya leo na Romania.

Ila Kilatini kilichozaa lugha nyingine si kile cha Cicero, msemaji na mwandishi mashuhuri wa Roma. Ni cha askari na wachuuzi. Msomi aliandika "equus" akimaanisha farasi. Watu wa kawaida walisema "caballus", jina la farasi wa kazi. Leo Mfaransa husema "cheval", Mhispania "caballo", Mwitalia "cavallo". Kufikia mwaka 813, mtaguso wa Tours, mkutano wa kanisa huko Ufaransa, uliwaagiza maaskofu wahubiri kwa Kirumi cha mashambani au kwa Kijerumani ili waumini waelewe. Kwa wengi, Kilatini cha vitabuni kilishakuwa lugha ya kigeni. Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kiitalia, Kiromania na wenzao: hao ndio watoto wa damu.

Kiingereza hakimo. Kilivuka bahari hadi Uingereza na Waangli na Wasaksoni katika karne ya 5, kutoka pwani za Ujerumani na Denmark za sasa. Maneno yake ya kila siku, "water", "eat", "house", ni ya jamii ya lugha za Kijerumani. Kilatini kiliingia humo kupitia kanisa na wanazuoni, na zaidi kupitia Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliovamia Uingereza mwaka 1066 wakizungumza Kifaransa. Mkopo huo ni mkubwa kweli, lakini mkopo haubadilishi nasaba.

Hapo hunyanyuka mtu kupinga, akitaja "pater" ya Kilatini na "father" ya Kiingereza, yote yakimaanisha baba. Zinafanana kwa sababu zina babu mmoja wa kale sana. Tazama "piscis" na "fish", "pes" na "foot": penye p ya Kilatini, Kiingereza kina f. Ulinganifu wa mpangilio namna hiyo ni dalili ya undugu, wala hauonyeshi kwamba mmoja alimzaa mwingine.

Nasi tunasema "meza", tuliyoipokea kutoka "mesa" ya Kireno, nayo ikatoka "mensa" ya Kilatini. "Kitabu" tumekitwaa kwa Waarabu, kisha tukakipa wingi wa Kibantu: vitabu. Wanaokasirika, tena kwa haki, wakiambiwa Kiswahili ni Kiarabu ndio haohao husema Kiingereza ni Kilatini.

Basi tuseme hivi: Kiingereza kimekopa sana kutoka Kilatini, mengi yakipitia Kifaransa.